Karatasi Ukutani, Bati Kichwani

Kata ya Kasingirima, upande wa Ujiji, ina nyumba za kila umri. Ukuta wa fito uliokandikwa unapakana na tofali za kuchoma, na nyuma yake kuna bloku za simenti ambazo bado hazijapigwa plasta. Paa ni lile lile kwa zote: bati. Mwenyeji wangu, mama wa makamo anayeuza mawese na kuongeza chumba kila anapojaliwa, alikuwa amepigiwa simu na mwanawe anayesomea ufundi Dar es Salaam. Kijana alimweleza habari ya zege la karatasi. Unaloweka karatasi kuukuu, unaziponda ziwe uji, unachanganya na simenti kidogo, kisha unajaza katikati ya kuta mbili nyembamba za tofali. Joto, alisema, halitapita.

"Wewe mwanangu unatembea nchi za watu," mama akaniambia. "Hii ni kweli, au ni ya kwenye simu tu?"

Ni kweli. Zege la karatasi lipo, linajengewa, na takwimu zake zinavutia. Ila mimi nimekuwa nikigusa kuta za watu katika safari zangu kuliko ninavyopiga picha, na nilipofungua daftari langu niliona kwamba karibu kila mahali panapozuiwa joto ukutani, kuna kitu ambacho Kasingirima hakipo. Hapa chini ni yale niliyoyalinganisha.

Kasingirima

Ziwa liko magharibi ya Ujiji. Alasiri jua huja kutoka upande huo, na kwa nyumba zilizo karibu na ufuko huja mara mbili, la angani na lile linaloruka kutoka kwenye maji. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu ya utosi au karibu yake mwaka mzima. Wakati huo kuta hazipati jua la maana, linalookwa ni paa. Kuta za kaskazini na kusini hupokezana jua la pembeni kwa miezi. Ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi hewa ikiwa bado na ubaridi, na hakuna anayelalamika. Ukuta wa magharibi ndio wenye kesi: unapigwa kuanzia saa tisa, wakati nyumba nzima tayari imechemka kutokea juu.

Nyumba ya mama ni ya Kiswahili kamili, na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma ambako ndiko jiko la kuni liliko. Kuta ni za tofali za kuchoma, nusu tofali, zimejengwa kwa udongo na kusiribwa simenti kwa nje tu. Dari hakuna. Ukilala chali unahesabu misumari ya bati.

Alasiri niliweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi kwa nje, sikuweza kukikalisha. Baada ya Isha niliuweka kwa ndani, na ukuta ulikuwa bado una joto, wakati huko nje upepo ulishageuka na watu wa barazani wamejifunika kanga. Bati lilikuwa limepoa zamani. Hiyo ndiyo tofauti ya vitu viwili hivi: bati hushika joto upesi na kuliacha upesi, tofali hulichukua polepole na kulirudisha saa kadhaa baadaye, usiku, wakati madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu na wezi.

Kwa hiyo kijana hakukosea kuuangalia ukuta. Swali ni ukuta upi, na kwa nini aanze na huo kabla ya bati.

Kichanganyio

Zege la karatasi lilisajiliwa Marekani mwaka 1928, likasahaulika, kisha likafufuliwa mwishoni mwa karne ile na wajenzi wa New Mexico, Colorado na magharibi ya Texas. Kule mtu mmoja, Mike McCain, alitengeneza mashine ya kupondea kwa ekseli ya nyuma ya gari kuukuu: pipa limekaa juu ya ekseli, ndani kuna kisu, unalifunga nyuma ya gari na kuendesha kidogo mtaani, magurudumu yanazungusha kisu, karatasi inakuwa uji. Kasingirima hatuhitaji ekseli. Watu waliokwisha kukanyaga udongo wa kukandikia nyumba nzima hawashindwi na karatasi iliyolala majini siku kadhaa.

Kipimo kinachotumika sana huko ni takriban kilo 27 za karatasi kavu kwa mfuko wa simenti wa kilo 43, mchanga kidogo, na maji tele ambayo mengi yake humwagika. Linalobaki likikauka ni jepesi na lina mianya midogo isiyohesabika, na hewa iliyonaswa humo ndiyo inayozuia joto. Lililokauka vizuri hupitisha joto chini ya tofali la kuchoma kwa mara 6 au 7. Kwa hesabu ya haraka, sentimita 5 za zege la karatasi huzuia joto sawa na sentimita 35 za tofali. Ukiongeza simenti linakuwa gumu zaidi, na pia linapitisha joto zaidi. Ukipunguza simenti linazuia joto vyema lakini linapendwa na ukungu, na likishika moto haliwaki kwa ndimi bali linafukuta ndani kwa ndani kwa saa nyingi.

Nilimsomea fundi wa mama takwimu hizi. Ni mtu mzima, amejenga nyumba nyingi za mtaa ule. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Bosi, huo uji nikiumwaga humo katikati ya kuta mbili, maji yake yatatokea wapi?"

Hilo ndilo swali kuu, na wengi wanaolisifu zege hili hawaanzi nalo. Uji wa karatasi una maji mengi kuliko zege lolote. Ukiumwaga kwenye mwanya uliofungwa pande zote mbili, utachukua wiki na wiki kukauka, na ukianzwa kiangazi huenda mvua za Novemba zikaukuta bado mbichi. Halafu zege hili husinyaa likikauka. Lililojaa hadi kwenye lenta litashuka na kuacha pengo juu, yaani pale pale joto la bati linapoingilia. Anayetaka kulitumia ndani ya ukuta afyatue kwanza mabamba, ayatandaze juani kama dagaa wa Kibirizi mpaka yawe mepesi mkononi, kisha ayapange katikati kozi kwa kozi ukuta unavyopanda.

Karatasi yenyewe

Wale wa Texas walianza na tatizo la magazeti mengi kupita kiasi. Kasingirima karatasi haitupwi ovyo. Daftari la mtoto likijaa, kurasa zake zinakuwa vifungashio vya karanga na maandazi. Boksi la sabuni linabeba nyanya, kisha linawashia mkaa. Na tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, karatasi ngumu imepanda cheo. Mfuko wa simenti wa karatasi, ambao nyuzi zake ndizo bora kuliko zote kwa kazi hii, unagombewa na watengeneza vifungashio, na mingine siku hizi ni ya plastiki iliyofumwa, haifai.

Nilipiga hesabu ya ukuta mmoja tu wa magharibi, mita 6 kwa mita 2.7, bamba la sentimita 5. Zinahitajika kama kilo 120 za karatasi kavu, uzito wa rimu 48 za karatasi za ofisi, na karibu mifuko minne ya simenti. Kwa nyumba nzima zidisha kwa 6. Simenti yenyewe inasafiri mbali kabla ya kufika mwisho huu wa reli, ile reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 na ambayo hadi leo ndiyo wengi wanaitazama inapokuja suala la bei ya vitu.

Karatasi ambayo imekaa Ujiji kwa heshima ni ile ya kwenye makumbusho ya Livingstone. Masanamu ya Livingstone na Stanley, makubwa kuliko binadamu, wakiamkiana kama walivyoamkiana mwaka 1871, yametengenezwa kwa karatasi iliyogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Watalii huyacheka kidogo. Mimi niliyaangalia kwa jicho la mjenzi: karatasi, kwenye mji wenye mchwa, mvua ya milimita kama 1,000 kwa mwaka na unyevu wa ziwa, na bado wamesimama. Siri yao haina ufundi wowote. Wako ndani, juu ya sakafu, chini ya paa lisilovuja. Kule Rockport, Massachusetts, kuna nyumba ambayo kuta zake ni magazeti yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka, aliyoianza mhandisi Elis Stenman mwaka 1922, nayo bado ipo. Paa lake ni la kawaida kabisa, wala hakuthubutu kulifanya la magazeti.

Kigali na Byumba

Kutoka Kigoma ukipanda basi kwenda Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, ukavuka Rusumo, unaingia nchi ambayo imeshajaribu karatasi kwenye ujenzi kwa sababu nzito kuliko joto.

Baada ya 1994 wakimbizi wa Rwanda walipewa maturubai na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na nguzo za kuyasimamishia wakazikata porini. Misitu ikaisha. Shirika likaleta nguzo za alumini, watu wakaziuza, maana alumini ni pesa, wakarudi porini. Ndipo msanifu wa Kijapani Shigeru Ban alipopendekeza nguzo za mabomba ya karatasi, kitu chenye nguvu ya kutosha na bei ndogo kiasi kwamba hakuna wa kuiba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vibanda 50 vya namna hiyo vilijengwa kambini Byumba kwa majaribio. Kilichonifurahisha katika habari hiyo ni kwamba miongoni mwa mambo yaliyopimwa kwenye mifano ya awali, pamoja na gharama na uimara, ni mchwa. Mtu wa Tokyo alijua kuuliza lile ambalo kijana wetu wa Dar es Salaam, aliyezaliwa Ujiji, hakumtajia mama yake.

Mchwa wanaitaka karatasi kuliko wanavyotaka mbao, kwa sababu imeshatafunwa nusu. Simenti inawasumbua na boraksi inawafukuza, lakini ukuta mkavu ndio unaowakatisha tamaa, maana mchwa hujenga njia yao kwa udongo wenye unyevu. Ukiwapa mwanya wa giza katikati ya kuta mbili, umewajengea barabara ambayo hutaiona hadi wafike kwenye kenchi.

Kigali pia niliona mabamba ya Strawtec, majani makavu ya nafaka yaliyoshindiliwa yakafunikwa karatasi pande zote mbili. Yanatumika kugawia vyumba, ndani ya jengo. Nimeandika hapo pembeni kwa kalamu nyekundu neno "ndani", nikalipigia mstari.

Unguja

Mji Mkongwe ni mahali pa kujifunzia ukuta unaopumua. Nyumba za mawe pale zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi, boriti za mikoko zikipima upana wa vyumba. Mchana ukiingia kutoka uchochoroni unasikia ubaridi mara moja. Watu husema ni unene. Unene unasaidia, na jiwe la matumbawe lina matundu ndani yake, lakini uchochoro wenyewe ni kivuli, nyumba zinakingiana jua, na ndani dari ziko juu mno.

Ukuta ule hunywa maji na kuyarudisha. Chokaa huachia unyevu utoke. Katika karne iliyopita mafundi wakaanza kuziba nyufa kwa simenti kwa sababu ni ngumu na inakauka haraka, na unyevu ukakosa pa kutokea: plasta ikajitenga, chumvi ikachimba jiwe kwa nyuma, boriti zikaoza kwenye vichwa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe inapigania chokaa hadi leo, na fundi anayeijua vizuri ana kazi ya kutosha.

Jambo la pili la Unguja ni paa. Wenye asili ya Oman walijenga nyumba zao kwa mapaa bapa, kama kwao ambako mvua ni mgeni. Masika ya Unguja yakawafundisha, na nyingi zikawekewa bati la mteremko juu ya lile paa bapa. Nyumba zilizopata hivyo, kwa bahati tu, zilipata kizuia joto bora kuliko chochote: mapaa mawili na hewa ikipita katikati. Nimepanda kwenye dari moja kama hiyo adhuhuri. Chini ya bati nilitoka jasho hadi viatuni. Chumba cha chini yake mtu alikuwa amelala usingizi wa mchana.

Maskati

Huku ndiko ukuta wenye kitu katikati ulikoniingia akilini. Ndugu zetu wazungumzao Kiswahili waliohamia Oman kutoka Zanzibar na bara wana nyumba za bloku ambazo nyingi zina bamba la povu jeupe limekaa katikati ya bloku yenyewe, kama vile kijana wetu alivyotaka kuweka karatasi. Jirani zao wa Dubai waliliweka jambo hili kwenye kanuni mwaka 2003, kwamba jengo lenye kiyoyozi lazima lizuiwe joto.

Lenye kiyoyozi. Hapo ndipo niliposimama na kufikiri. Kule nje ni nyuzi 45, ndani ni 23, madirisha hayafunguliwi kuanzia Mei hadi Septemba, na kila nyuzi inayovuja ukutani inalipiwa kwenye bili ya umeme. Ukuta unalinda ubaridi ulionunuliwa. Kizuia joto hakitengenezi ubaridi, kama vile kufuli haliwezi kukuletea pesa. Nyumba ya Kasingirima mchana ina madirisha wazi, mlango wazi, watoto wanaingia na kutoka, na hewa ya ndani ndiyo hewa ya nje. Ukuta wa sentimita 5 za karatasi, au 50, hauwezi kuifanya hewa hiyo iwe nyingine.

Wazee wa Nizwa na Al Hamra, kabla ya viyoyozi, walijenga kwa tofali za udongo nene na wakapanda kulala juu ya paa usiku. Walijua kwamba ukuta wa udongo utawalipiza usiku, wakauacha na ukuta wao.

Uingereza, na Mtwara

Haya ni mafupi. Uingereza kuta za tofali mbili zenye mwanya katikati ni jambo la kawaida kwa karibu miaka mia. Mwanya uliwekwa kwanza kuzuia mvua, si baridi: maji yanayopenya ukuta wa nje yateremke yasifike wa ndani. Baadaye serikali ikahimiza mianya ijazwe ili kuokoa gesi, na kwenye pwani za magharibi zinazopigwa na mvua ya upepo nyumba nyingi zikaingia unyevu, kwa sababu kile kilichojazwa kilikuwa daraja la maji. Na karatasi wanayo kweli: magazeti yaliyosagwa na kutiwa boraksi. Wanayapulizia kwenye kuta za mbao, na zaidi sana juu ya dari.

Mtwara kuna wazo lililo kinyume kabisa. Nyumba 110 za ghorofa zilizokamilika mwaka 2021 kwa utafiti wa malaria na maradhi mengine ya watoto zina kuta za nyavu kwa juu, watu wanalala ghorofani ambako upepo upo na mbu ni wachache. Wale hawakuuongezea ukuta kitu. Waliuondoa.

Manyovu

Kabla ya kurudi kwa mama nilipanda milimani. Kutoka ziwani, ambako ni mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, unafika nchi ya migomba na kahawa ambako mwezi wa Julai usiku watu wanakaa jikoni kwa kuuhitaji moto. Hapa zege la karatasi lina hoja. Ndani kuna joto lililolipiwa kwa kuni, nje kuna baridi, madirisha yamefungwa kwa hiari. Ukuta wa ndani wa mabamba ya karatasi, nyuma ya tofali, juu ya msingi wa mawe, ungeokoa mzigo wa kuni kwa wiki. Laiti kijana angekuwa na mjomba huku. Ningesema hata shule za bweni, ambazo madaftari yake ya mwisho wa mwaka hayana wateja wa karanga.

Kasingirima tena

Tulikaa barazani, mama, fundi na mimi. Nilitaka kuanza na Maskati, fundi akaanza na tofali.

"Ukuta wa mama ni nusu tofali," akasema. "Kijana anataka kuta mbili za nusu tofali na karatasi katikati. Hizo ni tofali mara mbili. Tanuru mara mbili. Kuni za tanuru mnazitoa wapi nyinyi?"

Sikuwa nimeona hilo likiandikwa popote na watu wa zege la karatasi, pengine kwa sababu kwao tofali la pili tayari lipo. Kifaa kinachosifiwa kwa kuokoa taka na miti kingeanza, kwa mama, kwa kukata miombo mingine ya kuchomea ukuta wa pili. Nilitaja tofali za kufungamana zilizohamasishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, za udongo ulioshindiliwa na simenti kidogo bila kuchomwa. Fundi anazijua, amezijenga, anazipenda, isipokuwa mashine yake inazunguka mji mzima na zamu ni ndefu.

Nikapendekeza njia ya kati: ukuta wa magharibi tu. Mabamba yakauke kwanza, yabandikwe kwa nje ya tofali zilizopo, ili tofali libaki kivulini upande wa ndani. Yaanze kozi tatu juu ya ardhi, chini yake nailoni, maana ziwa lilipopanda miaka ya 2020 wote tuliona maji yanavyofanya kuta za ufukoni. Juu yake plasta ya chokaa, si simenti, kwa ajili ya yale ya Unguja. Na paa lisogezwe nje mita moja na nusu kuzuia mvua ya upepo.

Fundi akachora kwa kijiti mchangani, akatazama jua lilipo, akachora mstari mwingine.

"Paa likitoka mita moja na nusu," akasema, "saa za jua kali sehemu kubwa ya ukuta iko kivulini. Lililobaki ni jua la magharibi kabisa, halina nguvu, unaning'iniza mkeka. Sasa karatasi ya nini?"

Sikuwa na la kumjibu, na nadhani hata wale wa Texas wasingekuwa nalo. Upande wa magharibi ndiko pia upepo wa ziwa unakoingilia alasiri. Baraza hapo linaacha madirisha wazi, ukuta mnene ungeishia kuyapunguza. Kile ambacho karatasi ingekuja kuhami kimeshahamiwa na bati jingine na nguzo nne.

Mama alikuwa kimya muda wote, anachambua mchele. Akauliza, "Na huku juu?" akionyesha kwa kidole bila kuinua macho.

Huku juu ndiko. Dari ya chumba cha mita 3 kwa 4, mabamba ya sentimita 3 juu ya fremu ya mbao, yakiegemea kuta, na mwanya wa hewa kati yake na bati, matundu yenye wavu kwenye pembe za paa ili hewa moto itoke. Ni kilo 12 hivi kwa kila mita ya mraba, zaidi ya jipsamu, kwa hiyo mbao ziwe karibu karibu. Fundi akasema mbili kwa nne, asisikie habari ya mbili kwa mbili. Waya za umeme zipite kwenye bomba, zisilale juu ya karatasi. Jiko liko uani, hilo ni heri. Karatasi inayohitajika ni kilo kama 55, boraksi itafutwe, na simenti haifiki mifuko miwili. Juu kule hakuna mvua kama bati ni zima, mchwa wakipanda wataonekana ukutani kwenye chumba, na bamba likiharibika linateremshwa peke yake bila kubomoa kitu.

"Basi aje aifanye mwenyewe," mama akasema, "likizo. Yeye si ndiye fundi wa simu."

Fundi akakubali kutengeneza kalibu za mbao za kufyatulia. Mimi nikatumwa kwa mwenye duka wa jirani kuomba maboksi matupu, ambayo hadi siku ile alikuwa akiyagawa bure kwa yeyote anayepita. Alitaka kujua ya kazi gani. Nikamweleza, kwa kirefu, pamoja na Rwanda na New Mexico. Alinisikiliza kwa adabu zote, akaingia ndani, akarudi na kunitajia bei.